HAKI YA MWENZIO SAFARINI
(Kwa baiskeli kutoka Ujiji hata Kampala)

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, watoto wa chuoni kwangu hupenda kuniuliza khabari za safari niliyoifanya mwaka 2012, mimi na wenzangu watatu, tulipotoka Ujiji kwa baiskeli tukapita Burundi na Rwanda hata tukafika Kampala katika nchi ya Uganda. Huniuliza baiskeli zilikuwa za namna gani, milima ilikuwa mirefu kiasi gani, tulilala wapi na tulikula nini. Hayo nitayaeleza humu inshaallah, kwa kuwa yana faida kwa kijana mwenye kutaka kusafiri. Lakini liko jambo moja wasiloniuliza, kwa sababu hawalijui, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika safari ile nilimwacha mwenzangu mgonjwa njiani, nikaenda kusali sala isiyokuwa wajibu juu yangu.

WATU WANNE NA SABABU YAO

Tulikuwa watu wanne wa mtaa mmoja. Wa kwanza alikuwa fundi wa baiskeli, afanyaye kazi yake chini ya mwembe karibu na msikiti wetu. Wa pili alikuwa mvuvi wa dagaa na migebuka, mtu wa maneno machache, aliyejua katika Kurani sura fupi fupi tu, lakini hakuacha sala ya jamaa ila akiwa ziwani. Wa tatu alikuwa kijana mshona nguo, ambaye nilimsomesha mwenyewe tangu alifu na be. Wa nne ni mimi.

Sababu ya safari ilikuwa njema. Fundi alikuwa na mjomba wake Kampala, mzee sana, aliyemlea utotoni na ambaye hakuwa amemwona kwa miaka mingi. Zikamjia salamu kwamba mzee amedhoofika. Akasema barazani kwamba ataka kwenda, walakini nauli ya kwenda na kurudi inamshinda. Ndipo yule kijana akasema, kwa mzaha, kwamba fundi wa baiskeli hakosi chombo cha kusafiria. Tukacheka, na usiku ule mzaha ukageuka shauri. Tukakubaliana tufuatane naye, nauli ya kwenda tuiokoe kwa miguu yetu, na ya kurudi kwa basi tuiweke akiba. Kuunga udugu ni jambo kubwa katika dini yetu, na kumsindikiza mwenye kuunga udugu nako kuna fungu lake la kheri.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu watokapo safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Wenzangu wakanichagua mimi, kwa ajili ya ualimu wangu. Nami, kwa kutaka waone kwamba jambo hili si la mchezo, nikasimama mbele yao nikasema, "Safari haimngoji mtu. Atakayechoka atapanda gari arudi kwao." Nilidhani hayo ni maneno ya uongozi. Kumbe nilikuwa nimeyatega kama mtego, na atakayenaswa ni yule aliyekuwa na haja zaidi ya kufika.

MATAYARISHO

Baiskeli zetu zilikuwa Phoenix za kawaida, za tairi za inchi 28, zenye gia moja tu, zile zile zinazobebea ndizi na mikaa katika nchi zetu. Kijana asidanganyike kwamba hawezi kusafiri mpaka apate baiskeli ya mashindano. Fundi alizifungua zote nne, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akatia girisi mpya, akakaza spoku moja moja, na nyuma akaweka duara lenye meno mengi zaidi kuliko lile la asili, ili miguu ipate wepesi mlimani, ingawa mwendo hupungua tambarare. Kila mtu alichukua tyubu mbili, spana, pampu, vipande vya mpira na gundi ya kuzibia pancha, na jozi mbili za raba za breki. Raba hizo nawausia sana, kwani atokaye nchi tambarare huiogopa kupanda, na kumbe khatari iko katika kushuka.

Juu ya keria tulifunga shuka, chandarua, kanzu moja safi, msala, na chupa za maji yaliyochemshwa. Tulichukua chumvi na sukari, kwa kuwa mwenye kutoka jasho jingi hapungukiwi na maji peke yake. Tulipata hati zetu za safari, na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Na kila mwenye mke na watoto aliwaachia chakula cha mwezi kabla hajauliza khabari ya tairi.

Fedha ya njiani tukaikusanya katika mfuko mmoja, akaushika kijana. Katika hili tulikuwa na mfano wa watu wa kabila la Ash'ari, ambao chakula kilipowapungukia walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu.

Tuliondoka Jumanne, tarehe 19 Juni 2012, siku mbili baada ya Mi'raji, tukikusudia tuwe tumerudi majumbani kabla ya Ramadhani. Mwezi wa Juni ni mwezi mwema kwa safari hiyo, maana mvua za masika zimekwisha na barabara ni kavu.

MPAKA, SAA NA JUA

Njia hii si ngeni. Katika karne ya kumi na tisa Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara itokayo pwani, nayo ilileta nguo na ushanga, na dini yetu na lugha yetu. Na ni haki kusema pia kwamba ilichukua pembe na ilichukua watumwa. Kwa hiyo mwenye kuipita njia hii apite kwa shukrani, na apite kwa haya.

Kutoka Mwandiga hata Manyovu ni kama kilomita 60, na nchi hupanda muda wote, hata ukifika Manyovu wapata baridi ambayo mtu wa ziwani haijui. Siku ya pili tuliuvuka mpaka Mugina, tukashuka hata Nyanza-Lac, na siku ya tatu tukafuata ufuo wa ziwa hata Rumonge, penye michikichi mingi na Waislamu wengi. Ziwa lenyewe ni Tanganyika lile lile, lenye kina cha mita 1,470, ambalo hakuna jingine duniani lililolizidi kina ila moja tu, la Baikal huko Urusi. Chakula kilikuwa kile kile cha kwetu. Migebuka yetu huko huitwa mukeke, na mawese ni yale yale.

Mambo mawili humbabaisha msafiri hapo mpakani. La kwanza ni kwamba katika Burundi na Rwanda vyombo hupita upande wa kulia wa barabara, na kwetu hupita kushoto. Mvuvi wetu alijifunga kitambaa mkono wa kulia ili asisahau. La pili ni saa. Saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ujiji jua hupinduka saa saba na dakika chache, na ng'ambo ya mpaka hupinduka saa sita na dakika chache. Kijana akaniuliza, "Maalim, sasa adhuhuri imesogea?" Nikamwambia, "Haikusogea. Saa ni mapatano ya watu, na sala hufuata jua." Na kibla katika nchi zote hizo ni kaskazini, kukiwa na kuelekea kidogo mashariki, na safari yetu, kutoka Ujiji hata Kampala, ilikuwa ikielekea huko huko. Jambo hili lilinifurahisha moyo, na labda lilinitia kiburi pia, kwani mtu huweza kuelekea kibla kwa uso na moyo wake ukawa umegeuka.

IJUMAA YA BURUNDI

Asubuhi ya Ijumaa tulisali alfajiri Rumonge. Fundi alisali hali amejitanda shuka mabegani. Nilimwona, nikadhani ni baridi ya ziwa, wala sikumwuliza. Toka Rumonge mpaka Bujumbura ni kama kilomita 75, njia iko karibu na maji na haina vilima vya kutisha. Nikawaambia wenzangu kwamba tukikaza mwendo tutawahi sala ya Ijumaa katika mtaa wa Buyenzi, ambao ni mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili tangu zamani, na sifa yake nilikuwa nikiisikia tangu utoto.

Tulipokwenda saa mbili hivi fundi akaanza kubaki nyuma. Tukamngoja. Akaja, akanywa maji, akasema hana neno. Tukaenda, akabaki tena. Mara ya tatu nikatazama jua, nikasema, "Sisi tutangulie, yeye aje taratibu. Njia ni moja." Mvuvi akasema, "Maalim, tumngoje." Nikamjibu, "Ijumaa haingoji." Naye akanyamaza, kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa amiri, na yeye alijua heshima ya amiri kuliko nilivyoijua mimi dhamana yake.

Tuliwahi. Tulioga, tukavaa kanzu zetu, tukakaa safu ya tatu katika msikiti uliojaa watu, na nafsi yangu ikanipongeza sana. Baada ya sala tulitoka tukasimama kando ya baiskeli zetu. Mvuvi akaniuliza, na wallahi hakuuliza kwa kunisuta, aliuliza kwa kutaka kujua, kama aulizavyo mtu asiyesoma akimwuliza aliyesoma:

"Maalim, Ijumaa inamlazimu msafiri?"

Swali hilo huwauliza watoto wangu kila mwaka, na mtoto wa miaka kumi hulijibu. Msafiri Ijumaa si wajibu juu yake. Akiisali hupata thawabu, na asipoisali husali adhuhuri yake, wala hana dhambi. Na haki ya mwenzio aliye mgonjwa njiani, je? Hiyo sikuhitaji kufungua kitabu. Sikumjibu neno. Nilipanda baiskeli hali nimevaa kanzu, nikarudi nilikotoka, na wenzangu nyuma yangu.

Kusini ya mji, katika nchi ya Mugere, liko jiwe kubwa lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Mbele ya hapo kidogo tulimkuta mwenzetu. Alikuwa amelala juu ya mkeka kando ya njia, na mama mmoja mtu mzima, mwuza mawese, alikuwa akimkanda kichwa kwa kitambaa cha maji. Mama yule hakuwa Mwislamu. Alikuwa na msalaba shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulimfahamu aliposema kwamba amemwona huyu mtu akianguka pamoja na baiskeli yake, na kwamba watu wengi wamepita. Nilitaka kumpa fedha, akaikataa, akaashiria mbinguni kwa kidole.

Mwenzetu alipofumbua macho akasema, "Nisamehe, Maalim. Nimewachelewesha."

Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu Rumonge kwamba ana homa. Akasema, "Ulituambia nyumbani kwamba safari haimngoji mtu. Nikaona nikisema mtanirudisha, na mjomba wangu ni mzee."

Ndugu msomaji, nimesomesha kwa miaka mingi, nimesahihisha makosa ya watoto wengi, lakini sijapata kusahihishwa kama siku ile. Yeye ndiye aliyekaza spoku za baiskeli yangu kwa mkono wake. Na ulimi wangu ndio uliomfunga asiseme.

SIKU ZA BUYENZI

Tulimpakia juu ya keria ya mvuvi, kijana akimshika kwa nyuma, nami nikasukuma baiskeli mbili hata Buyenzi. Watu wa msikiti walitupa chumba, na katika zahanati wakamkuta na malaria kali. Alipewa dawa ya siku tatu, na mganga akaamuru apumzike siku kadhaa baada ya hapo.

Usiku ule niliwaomba wenzangu radhi wote, na yeye mbele yao. Kisha nikawaambia kwamba sistahili kuwa amiri, nao wamchague mwingine. Nikamtaja mvuvi. Akakataa, akasema yeye si mtu wa elimu. Nikamwambia kwamba elimu ya jambo hili ameionyesha barabarani, na mimi nilikuwa nayo kitabuni tu. Jabir bin Abdillahi, radhi za Mungu ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimhimiza aliye dhaifu, akimpakia nyuma yake, na akiwaombea watu dua. Na alipomfanya Uthman bin Abil-Aas kuwa imamu wa watu wake, alimwamrisha amwangalie aliye dhaifu kuliko wote. Khabari hizo nilizijua. Lakini mvuvi wetu ndiye aliyesema, "Tumngoje."

Kijana akauliza juu ya sala zetu hapo Buyenzi, nami nalijibu hapa kwa faida ya wasafiri. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri anayekusudia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, hukatika ruhusa yake ya kupunguza sala. Lakini anayengoja haja asiyoijua itakwisha lini, kama sisi tuliokuwa tukimngoja mgonjwa, aweza kupunguza hata siku kumi na nane. Na akisali nyuma ya imamu mwenyeji hutimiza rakaa nne.

Tulikaa siku sita. Mji ulikuwa ukipambwa kwa bendera, kwa kuwa tarehe 1 Julai Burundi na Rwanda zote mbili zilikuwa zikitimiza miaka 50 ya uhuru wao wa mwaka 1962.

MLIMA WA BUGARAMA

Bujumbura iko chini, karibu na ziwa, mita 800 hivi juu ya bahari. Bugarama iko juu zaidi ya mita 2,000. Na kati ya miji hiyo miwili ni kama kilomita 35 tu. Mwenye kufikiri atajua maana ya hesabu hiyo kwa baiskeli ya gia moja.

Amiri wetu mpya alitoa amri tatu. Kwanza, mzigo wa mgonjwa ugawanywe kwa watatu. Pili, aliye dhaifu atangulie mbele, wala mtu asimpite. Atakapotembea tutatembea, na atakapokaa tutakaa. Tatu, mwenye kuumwa aseme, na atakayeficha ndiye mwenye makosa, si mwenye kuumwa.

Katika mlima ule tuliona ajabu. Vijana wa Burundi hushuka na baiskeli zilizosheheni ndizi au mikaa, mzigo mrefu kuliko mwendeshaji, wakipita kama mshale. Na katika kupanda hujishika nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye lori na mmoja kwenye usukani. Kijana wetu akatamani. Amiri akamwambia, "Wale wanatafuta riziki, na wengi wao huumia. Wewe unatafuta wepesi." Wala hakuongeza neno. Mwili ni amana, na anayeuhatarisha kwa uvivu ataulizwa.

Tulitembea zaidi kuliko tulivyoendesha. Adhuhuri na alasiri tulizisali pamoja kando ya barabara, juu ya nyasi, na bonde lote limefunuka chini yetu hata ziwa likaonekana kama kitambaa cha fedha. Tulifika Bugarama jua linakaribia kuzama, penye soko la kando ya njia la kabichi na karoti, na baridi iliyotufanya tujitande mashuka. Kilomita 35 zilituchukua siku nzima. Rumonge ningeiita siku kama hiyo hasara. Lakini tulifika wanne, na fundi alikula ugali wake wote.

Nilisoma khabari za vijana sita Maparsi wa Bombay, waliotoka kwao mwezi wa Oktoba 1923 kuizunguka dunia kwa baiskeli, wakapita majangwa na misitu. Walirudi mwezi wa Machi 1928, baada ya kwenda zaidi ya kilomita 70,000. Ni jambo la kustaajabisha, na ushujaa wao haukanushiki. Lakini waliotoka walikuwa sita, na walioitimiza safari yote walikuwa watatu. Kuanza safari pamoja ni rahisi. Kuimaliza pamoja ndiko kuliko kugumu.

RWANDA NA BARAZA YA NYAMIRAMBO

Kutoka Kayanza tulivuka mto Akanyaru tukaingia Rwanda, nchi ya vilima elfu, ambayo hukushusha dakika kumi ili ikupandishe saa nzima. Barabara zake ni safi na nzuri. Tulipita Huye na Nyanza na Muhanga, tukafika Kigali, tukafikia mtaa wa Nyamirambo, ambako tena Kiswahili kilitupokea kama mwenyeji.

Huko, katika baraza ya msikiti, wazee walituuliza khabari za njiani, nami sikuficha kosa langu. Mzee mmoja akanisikiliza hata mwisho. Kisha akatueleza mambo ya mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambapo Waislamu wengi wa mitaa ile waliwaficha majirani zao majumbani mwao na misikitini, wala hawakuwauliza dini. Akasema kwamba si wote waliosimama imara, na kwamba aliyesema hivyo wote asadikiwe kwa uangalifu; lakini waliosimama, wengi hawakuwa watu wakubwa. Walikuwa madereva na wauza maduka. Akasema, "Mtu hakuanza kujifunza siku ile. Alikuwa amekwisha kujizoeza kumngoja jirani katika mambo madogo."

Sikupata usingizi mapema usiku ule.

ZAMU YANGU

Mpakani Gatuna tulirudi upande wa kushoto wa barabara, na saa zetu tukazipeleka mbele. Kabale ni mji wa juu na wa baridi, na milima yake si haba. Na hapo, siku ya pili, goti langu la kulia likavimba. Nafsi ikanishawishi nifiche. Nikakumbuka amri ya tatu, nikasema.

Fundi, ambaye sasa alikuwa na nguvu zake zote, akaniangalia akacheka, akasema, "Basi, Maalim, tangulia mbele." Akaufungua mzigo wangu akaufunga juu ya keria yake. Kutoka hapo hata Mbarara, penye ng'ombe wa pembe ndefu ambazo kijana alidhani zimetengenezwa, na kutoka Mbarara hata Masaka, walikwenda wote watatu nyuma yangu kwa mwendo wa goti langu. Na mimi, niliyemwacha, sikuachwa.

Baada ya Masaka tulipita nchi ya mabwawa ya Lwera, kisha Kayabwe, ambako mstari wa ikweta unakata barabara, na alama imewekwa. Kiswahili kilitupungukia katika nchi ya Buganda, tukasema kwa ishara na kwa salamu ya Kiislamu, nayo haikuhitaji mfasiri. Tulikula matoke kila siku. Jumamosi, tarehe 14 Julai 2012, tuliingia Kampala, tukapanda kilima cha Kibuli, ambacho msikiti wake umejengwa katika ardhi iliyotolewa na Prince Badru Kakungulu. Tulikuwa tumekwenda kama kilomita 1,000, kwa siku 26 pamoja na mapumziko.

Nyumba ya mjomba haikuwa mbali. Tulisimama nje, tukampisha fundi aingie peke yake kwanza. Tulisikia mzee akiuliza ni nani, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamepungua. Tukasikia fundi akijitaja kwa jina la utotoni. Kisha hatukusikia kitu kwa muda mrefu.

Mzee yule alifariki mwaka 2013, Mungu amrehemu. Lau fundi angalirudishwa kutoka Mugere, kama nilivyoahidi kwa kinywa changu kumrudisha kila atakayechoka, wasingalionana tena hapa duniani.

USIA KWA VIJANA

Enyi vijana wetu, safirini. Tazameni nchi za Mwenyezi Mungu na watu wake, kwani aliyekaa kwao tu hudhani kila mlima ni kichuguu cha nyumbani. Baiskeli ni chombo kizuri cha safari. Haiendi mbio hata usione, wala haichelewi hata ukate tamaa, na kila mtu hukusalimu. Takeni radhi za wazazi wenu, lipeni madeni yenu, na chunguzeni njia. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa Januari 2024, kwa hiyo anayeikusudia njia yetu na aulize kwanza.

Lakini kabla ya kuchagua njia, chagua wenzio. Na ukiisha kuwachagua, jua kwamba mwendo wa safari ni mwendo wa aliye dhaifu kati yenu. Na ukifanywa amiri, ogopa maneno yako ya siku ya kwanza, yasije yakamfunga mtu kinywa siku ya homa. Na wazazi, ambao ni maamiri wa nyumba, nao wajiulize: yuko mtoto nyumbani aliye na homa na anaogopa kusema?

Fundi bado yuko chini ya mwembe wake, na mvuvi bado ni mvuvi. Sisi wanne tukenda pamoja popote, hata mazikoni mtaa wa pili, aliye dhaifu hutangulia mbele. Siku hizi mara nyingi ni mimi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa kwa wenzetu, na atujaalie kufika pamoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.